Konokono wa Dohani ya Pili

Baba mkwe wangu alikuwa na miaka saba tangu astaafu, na miaka yote hiyo hakukanyaga maabara. Wiki ilipotangazwa kwamba meli ya utafiti itarudi kwenye chemchemi zake za moto za chini ya bahari, alikuja mara tatu.

Mimi ndiye mtunza sampuli. Nina makabati kumi na moja yenye chupa za spiriti, na ndani yake wamo viumbe wa kilindini: minyoo, kaa weupe, kome, konokono. Wengi aliwaleta yeye. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kwetu kushusha roboti hadi kule ambako maji meusi, ya moto kupita kiasi, yanafoka kutoka chini ya bahari na kujenga dohani za mawe. Kandokando yake, kwenye giza totoro, wanyama wanaishi kwa msaada wa bakteria wanaokula gesi inayonuka kama yai viza.

Sifa yake ilitokana na aina moja ya konokono weusi. Alisema amewaokota kwenye dohani mbili zilizoachana kilomita sitini, jamii ile ile, kwa hiyo vitoto vyao huelea na mkondo kutoka chemchemi moja hadi nyingine. Wanafunzi wetu wanaikariri hiyo mpaka leo.

Mara ya kwanza alikuja kusalimia. Mara ya pili akauliza kama chupa ya dohani ya pili bado ipo. Mara ya tatu akasema, "Niazime hiyo chupa, mwanangu. Nikaiangalie nyumbani kwa utulivu."

"Saini hapa kwenye daftari, baba."

"Nisaini chupa niliyoijaza kwa mikono yangu?"

Alicheka, lakini aliondoka bila chupa wala saini. Machale yakanicheza.

Nilipomweleza mume wangu, akaguna. "Mzee anakumbuka ujana wake. Wewe nawe kila mtu unamwona mwizi."

"Mwizi angechukua. Yeye aliogopa kuandika jina lake."

Siku mbili baadaye kiongozi wa msafara mpya, tunayemwita Bi Barua kwa sababu hata aliye meza ya pili humwandikia barua, alitaka daftari la safari ya dohani ya pili. Mzee alimjibu kwamba lililowa melini. Nilipompigia mimi, akasema lilipotea ofisi zilipohamishwa. Nikaweka simu chini, nikayaandika majibu yote mawili.

Asubuhi iliyofuata nilifunga mlango wa maabara, nikaweka chupa za dohani zote mbili mezani. Ya dohani ya pili ilikuwa na konokono tisa, wazima wote. Chini kabisa, kwenye mchanga mweusi, palikuwa na kipande cha gamba kama ukucha wa kidole kidogo. Nilikigeuza kwa kibano. Kilikuwa cha nani, kama wote tisa hawana pengo?

Kwenye chupa ya dohani ya kwanza nilikuwa na mmoja niliyemzoea, nimempa jina Kibogoyo kwa sababu ukingo wa gamba lake umemeguka. Nikamtoa. Nikakisogeza kipande chini ya hadubini, nikakitia kwenye pengo. Kikakaa barabara. Mistari ya ukuaji ikaungana, mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja kupotea.

Konokono mmoja hawezi kuvunjikia mahali pawili palipoachana kilomita sitini.

Mchana ule nilikwenda kwake na picha. Mama mkwe alinikaribisha, akatuachia sebule. Mzee alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Umemwambia nani?"

Ningependa angeuliza kitu kingine.

"Bado sijamwambia mtu."

Akavua miwani. "Mkono wa roboti ulikwama. Meli ilikuwa inageuza kesho yake. Lakini kamera ilikuwa nzima, mwanangu. Niliwaona. Wamejazana ukutani, wale wale, karibu kama ulivyo wewe hapo. Nikagawa chupa moja ikawa mbili. Ni hilo tu."

"Picha ziko wapi?"

"Haikuwa inarekodi."

"Na daftari?"

"Nililichoma." Akainamisha kichwa. "Mimi ni babu wa watoto wako. Unanivua nguo mbele za watu?"

Nikakusanya picha zangu. Nilimuaga mama mkwe, nikarudi kazini, nikampelekea Bi Barua kila kitu. Idara ikatoa tangazo la kuiondoa dohani ya pili kwenye utafiti wa mzee. Mume wangu alisema nami kupitia watoto tu kwa siku kumi na mbili: mwambieni mama yenu hivi, mwambieni mama yenu vile.

Kisha simu ikaja kutoka melini. Bi Barua alikuwa anapiga kelele kwa furaha. Dohani ya pili ipo, inafoka, na konokono weusi wamejaa.

"Umeona sasa?" mume wangu akaniambia, mimi mwenyewe safari hii. Nililala nikijiona mchawi.

Vipimo vya vinasaba vilichukua wiki tano. Konokono wale hawakuwa wa jamii ya Kibogoyo. Walikuwa wapya kabisa, hawajawahi kuandikwa popote. Mzee angeandika tu kwamba amewaona akashindwa kuwaokota, yamkini wangekuwa wake.

Majibu nilimpelekea mzee mimi mwenyewe. Alisoma karatasi mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanitazama usoni.

"Kwa hiyo nilisema kweli. Niliwaona."

"Wapo, baba."

"Wanafananaje hasa? Hao wa kwenu, mguu wao una rangi gani?"

Nilikuwa nimeona picha za Bi Barua. Mguu wa wale konokono, ile nyama wanayotambalia, ni mwekundu kama pilipili iliyoiva. Ukutani mwa dohani unaonekana kabla hujaliona gamba. Wa Kibogoyo na wenzake ulikuwa wa kijivu.

"Wewe uliuona una rangi gani, baba?"

Akaikunja karatasi mara mbili, taratibu, akaiweka mfukoni. Kisha akamwita mkewe atuletee chai.