Jicho Alilolifumba Pélagie

Mke wangu, Pélagie, alikuwa akimkonyeza Bienvenu, fundi cherehani wa kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Nilimwona mara tatu. Mimi ni Mrundi; wao ni Wakongo wa Kivu ya Kusini, na walipocheka kwa Kifuliiru nilibaki mgeni mlangoni pangu.

"Unamfumbia jicho la nini?" nilimuuliza.

"Baba Élyse, nikifungua yote mawili ninaona batu babili-babili. Hata Bienvenu ninaona babili."

"Kumbe mmoja hakutoshi!"

Alicheka, kisha akashika kichwa. Kilikuwa kikimuuma tangu mavuno.

Siku moja, nikiwa shambani, Bienvenu alimpeleka zahanati. Wakapewa barua ya kwenda hospitali kubwa ya Mbarara. Mgonjwa haendi bila msindikizaji, na kwenye nafasi hiyo muuguzi alikuwa ameandika jina la Bienvenu. Kwangu mimi kile kilikuwa cheti cha ndoa. Niliikunja barua, nikaizika ndani ya gunia la maharage ya mbegu. Pélagie aliitafuta. Nilimsaidia kuitafuta.

Asubuhi aliyomimina uji kando ya kikombe, ukaniunguza miguu, nilifukua gunia. Nilimpeleka mwenyewe.

Mbarara, daktari alivuta pazia, akamwinamia mke wangu na kifaa kidogo chenye taa, karibu mno, shavu kwa shavu. Nilikunja ngumi.

"Lazima umpumulie hivyo?"

"Mzee, kaa," alisema bila kugeuka. "Zamani daktari wa macho aliangalia jicho, wa kichwa akaangalia kichwa, mgonjwa akapofuka katikati yao. Halafu, kama miaka mia na sabini iliyopita, Ulaya wakatengeneza kioo cha kutazama ndani ya jicho. Huko nyuma wakaukuta mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, umevimba kwa wagonjwa wa kichwa. Kazi yetu ya kuangalia jicho na ubongo pamoja ilianzia hapo. Njoo utazame."

Niliinama. Niliona wekundu tu, nikahisi pumzi ya Pélagie shavuni mwangu. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kumtazama kwa karibu hivyo.

"Mshipa wake umevimba siku nyingi," alisema daktari. Aliikung'uta barua, vumbi la maharage likaanguka mezani. "Hii ni ya lini?"

Nilipangusa vumbi lile kwa kiganja. Pélagie aligeuza uso upande wangu. Mpaka leo hajaniuliza barua niliipata wapi.

Siku thelathini na nane barua ilikaa guniani. Jicho la kushoto limepofuka, lote. La kulia, nusu.