Klachi Mara Mbili

Je, umewahi kumwona mzee akilitazama gari la mwanawe kama bibi anavyomtazama mke mwenza? Basi hivyo ndivyo Ermes Bulgarelli alivyosimama uani kwake, vilimani juu ya mji wa Modena, Italia, Jumapili ile mwanawe Loris alipoleta gari jipya la mbio, la manjano kama kiini cha yai.

Loris, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, alilisogeza hadi ubavuni mwa lile jekundu la babake. Jekundu lilikuwa la mwaka sitini na nne: viti vya ngozi vilivyoshonwa upya kwa uzi mweusi, usukani wa mbao uliolainishwa na viganja vya mwenyewe.

"Langu linawaka kwa kidole, baba."

"Hata kengele ya mlango hulia kwa kidole."

"Gia zinajibadilisha zenyewe!"

"Na dereva afanye nini, asinzie? Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

"Angalau halivuji. Lako ni mtoto asiye na nepi."

Mamake Loris, Iolanda, alitoka na sinia la maandazi ya moto na nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba. Akawatazama nyuso, akaliweka sinia juu ya pipa, akarudi ndani.

Tangu utotoni Loris alisugua magurudumu ya lile jekundu kila Jumamosi, kwa mswaki, waya mmoja mmoja. Ufunguo hakuwahi kuushika. Alipotimiza miaka kumi na minane aliuomba. "Siku nyingine," aliambiwa, na siku hiyo haikufika.

Sasa Ermes akamrushia ufunguo kifuani.

"Haya, bingwa. Mpaka kanisani na kurudi. Tuone."

Wakaingia wote wawili. Loris akafungua swichi, akangoja pampu ya petroli igonge tik-tik-tik mpaka ipunguze mwendo, kama alivyosikia mara elfu akiwa mlangoni. Ndipo akawasha. Injini ikanguruma. Ermes akainua nyusi.

Kwenye kona ya kwanza ilibidi kushuka kutoka gia ya tatu hadi ya pili. Loris akakanyaga klachi mara moja, akavuta. Gia zikasaga meno. Akajaribu tena, zikapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa.

"Klachi mara mbili!" Ermes akapiga goti lake. "Kanyaga, toa gia, achia, piga mafuta, kanyaga tena! Bonde zima wanajua! Simamisha! Shuka! Rudi kwenye kengele yako!"

Loris akalisimamisha gari pembeni, akazima. Hakushuka. Mikono yake ilibaki pale pale kwenye mbao.

"Bonde zima wanajua kwa sababu uliwafundisha," alisema. "Binamu Walter ulimfundisha. Hata mkwe wa muuza nyama. Mimi ulinipa mswaki."

"Uliniletea lile la manjano unitukane nalo!"

"Ndiyo. Nilitaka ukasirike, angalau uniangalie." Akamgeukia. "Nifundishe, baba. Hilo tu ndilo nililotaka."