Ada ya Mdomo wa Kunguru

"Usinizungushe, Nungunungu! Mimi na wewe tunagawana ukuta mmoja. Nimekuwa tajiri wa soko tangu lini?"

"Tangu amri ilipotoka, jirani. Si mimi. Ni Ikulu."

"Ikulu ndiyo inayonipimia unga hapa?"

Mama Kanga alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, kikapu amekibana kwapani, mishipa ya shingo imemtoka. Nungunungu muuza unga alijitia kusafisha kibaba kilichokwisha kusafishwa. Nyuma ya Mama Kanga walikwisha kusogea wawili watatu waliodai wanapita tu. Chiriku alikuwa miongoni mwao, na palipo na Chiriku hapana siri.

Ili jambo lieleweke: katika nchi ya Matopeni, Mfalme Kiboko alitawala akiwa amelala majini, pua tu ndiyo ikionekana. Zamani kila raia alibeba mwenyewe simbi zake, zile kauri za kununulia vitu. Mfalme akaamuru zote zihifadhiwe Ikulu, kila mtu na shimo lake, zisije zikaibwa. Wezi wenyewe hakuna aliyewahi kuwaona. Raia wakapewa gamba moja moja, na kila duka likapewa Kunguru. Ukinunua, unaweka gamba mezani, Kunguru analidonoa, analia kuelekea Ikulu, na simbi zako zinahamia shimo la muuzaji. Ila katika kila mia, tatu zinabaki kwa Kunguru. Hiyo ndiyo ada ya mdomo.

Mwanzoni wenye maduka waliibeba ada hiyo wenyewe, wakanung'unika mpaka Baraza likaitishwa. Soko likamchagua Nungunungu akaseme kwa niaba yao. Mama Kanga ndiye aliyempigia vigelegele vya kwanza.

Kumbukumbu ya Baraza lile ilimwasha Nungunungu hata sasa, kibaba kikiwa mkononi.

"Nani alipe basi?" Mfalme aliuliza siku ile, akipiga mwayo ulioyumbisha maji.

Kunguru Mkuu alisimama, shingo yake nyeupe kama kola iliyopigwa pasi. "Mtukufu, mlaji asiguswe. Mlaji akiguswa anapiga kelele. Abebe yule anayenunua ili auze. Huyo ana pa kuutupia mzigo."

Hapo ndipo Nungunungu alipotakiwa aulize swali alilotumwa: mzigo ukitupwa, unamwangukia nani? Alikwisha kufungua kinywa. Kunguru Mkuu akamsogelea, akamnong'oneza kwa upole kabisa: "Mjumbe, wewe ndiye utakayetuamulia nani mlaji na nani mfanyabiashara. Na katika zile tatu, moja itakuwa ya jasho lako."

Miiba ikamlala mgongoni.

"Soko linaafiki, Mtukufu," akasema.

Mfalme alikuwa amekwisha kusinzia.

Aliporudi akawatangazia wenzake kwamba mlaji ameokolewa. Wakashangilia. Mlaji mwenyewe ni yupi, hakuna aliyeuliza. Basi wapishi wa Ikulu, wanunuao magunia arobaini kwa karamu moja, wakawa walaji, kwa kuwa kweli wanakula. Mama Kanga, anunuaye vibaba vinne akaange vitumbua pembeni mwa njia, akawa mfanyabiashara. Ili aifidie ada, alipandisha bei kidogo tu, na Punda wachukuzi waliozoea kununua viwili viwili wakaanza kununua kimoja. Wiki ya tatu hii anarudi nyumbani na nusu ya vitumbua vyake. Akikosa wiki moja nyingine, anaweka chungu chini, na vifaranga tisa wanamtazama mdomoni.

"Nipimie," alisema sasa kwa sauti ya kuchoka, akiweka gamba lake mezani.

Nungunungu akapima vibaba vinne, akavisawazisha, akavimimina kikapuni. Halafu mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote, ukachota konzi moja ya ziada na kuimwaga juu yake.

"Ya watoto," akasema, kama kila muuza unga wa Matopeni anavyosema. Konzi hiyo hupewa mnunuzi wa kulisha nyumba yake. Anayenunua ili auze hapewi.

Mama Kanga aliitazama konzi ile juu ya unga wake.

"Rudia," alisema Mama Kanga.

"Jirani..."

"Ya watoto wa nani? Mkono wako unajua nakwenda kulisha watoto. Mdomo wako ndio haujui?"

"Wee!" Chiriku alidakia. "Kimemtoka!"

Kunguru wa duka, ambaye kwake kazi ni kazi, akainama kwa adabu. "Samahani, Bwana Mjumbe. Ile moja yako katika tatu, nipeleke shimo lako au la mkeo, kama wiki iliyopita?"

Nungunungu alijaribu kusimamisha miiba yake. Haikusimama hata mmoja. Alitamani Mama Kanga amtukane, amtemee mate, apige mayowe. Mama Kanga alimtazama tu, kisha akalichukua gamba lake mezani kabla Kunguru hajalidonoa, akamwaga unga wote guniani, pamoja na ile konzi, akatoka.

Chiriku alifanya kazi yake. Kufikia adhuhuri hakuna aliyeweka gamba mezani soko zima, na makunguru walikaa wakidonoa mbao. Ilisemekana hata Mfalme aliamka, akauliza mbona kumetulia.

Nungunungu alifunga duka. Nyumba ya pili, kwa Mama Kanga, ilikuwa imejaa mpaka kizingitini. Upande wa pili wa ukuta alimsikia Chiriku akiigiza sauti yake, "Soko linaafiki, Mtukufu," na kicheko kikapasuka. Akatoka, akasimama uani kwao mikono mitupu, akiyapanga maneno na kuyapangua. Alikuwa amekwisha kugeuka aondoke, Mama Kanga alipotoka kumwaga maji.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Nilitumwa niulize, Mama Kanga. Sikuuliza. Kunguru Mkuu aliponinong'oneza ile moja, nikaafiki."

"Tumeshajua." Alikung'uta beseni. "Kesho tunakwenda Ikulu wote, kudai simbi zetu tukae nazo wenyewe. Utatangulia. Utasema mbele ya Mfalme alichokunong'oneza yule, na ulichopokea."

"Mbele ya watu wote?"

"Ulipokea mbele ya nani?"

Nungunungu aliinamisha kichwa. "Nitasema."

Mama Kanga alimwangalia bila kutabasamu, kisha akageukia mlangoni.

"Punda, sogea huko, mpishe mwenzako. Nungunungu, nawa mikono. Sinia ni moja, ingia ule."