Sikio Moja

Chama cha viziwi kilikutana Jumamosi katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya kubana magoti. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja fundi cherehani, ambaye hakuwa amesikia kitu tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa na miaka sita. Siku hiyo alikuwa ameshona sare tangu alfajiri. Mgongo ulimuuma, na alitamani kikao kiishe.

Ombi lilikuwa moja tu. Karani wa posta, dada wa miaka thelathini hivi, alitaka uanachama. Sikio lake la kushoto lilikufa utotoni. La kulia lilikuwa zima. Lugha ya alama alikuwa amejifunza ukubwani, na mikono yake bado ilikuwa na kigugumizi.

"Mimi ni kiziwi," alisema kwa mikono hiyo.

"Simu unapokea?" akauliza kinyozi, mjumbe wa kamati.

"Napokea."

"Basi wewe ni mgeni wetu. Karibu chai."

Mabega yakatikisika kwa kicheko darasa zima. Fundi hakucheka.

"Mimi walinifunga mikono shuleni ili nijifunze kutumia mdomo," alimwambia karani, polepole ili amwelewe. "Mchumba wangu, mama yake alimkataza kunioa. Huyu kinyozi aligongwa na lori lililokuwa likimpigia honi. Wewe imekugharimu nini?"

Karani alifikiri. "Hakuna. Nilificha. Nalaza nywele juu ya sikio. Kazini, mtu akinisemesha upande huu nisimjibu, wanasema nina maringo. Nikaona afadhali maringo. Nimechoka, mama."

"Akawaambie kazini kwanza," kinyozi alisema. "Wakimfukuza, arudi tumpokee."

Vichwa kadhaa viliitikia. Fundi naye aliona ni haki, na mkono wake ulikuwa tayari umenyanyuka kukubali. Kisha akaushusha.

"Miaka kumi na miwili tunapanda ngazi za wizara," alisema, "tukiomba watoto wetu wasifungwe mikono. Siku wakija hapa ambao hawakufungwa, tutawakagua makovu mlangoni?"

"Huyu si mtoto," kinyozi alisema.

"Alikuwa mtoto sikio lilipokufa. Amechelewa kufika tu."

Walipiga kura. Sita walikubali, sita wakakataa, na kura ya mwenyekiti ikaamua apokelewe. Kinyozi alivaa kofia yake akatoka, na kwa miezi miwili hakuonekana. Aliporudi alikaa dawati la nyuma kabisa, hakumsalimu karani, wala karani hakumlaumu.

Kazini karani hakuwaambia. Fundi alimuuliza mara moja, karani akatikisa kichwa, na fundi hakurudia. Ila kila Jumamosi karani alikuja, akaandika kumbukumbu za kikao kwa mwandiko safi, na mikono yake ikazidi kuwa myepesi.

Jumamosi moja, fundi akiwa katikati ya kumweleza jambo, karani aligeuka ghafla akakimbilia dirishani. Kuna mtu nje alikuwa amemwita. Fundi alimtazama akicheka na huyo mtu, sikio lake zima limeelekea uani, na wivu ukamchoma kama sindano iliyokosa kitambaa. Hakujilaumu. Alisubiri karani arudi kwenye dawati, kisha akaendelea pale alipokuwa ameishia.