Mke wa Bwana Ok

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Bwana Ok Sang-gil alivaa gauni la wagonjwa na kupanda kitanda cha darasani, katika chuo kimoja cha udaktari mjini Jeonju. Kazi yake ilikuwa kujifanya mgonjwa ili wanafunzi wajifunze kuuliza maswali. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Bwana Pyo Myeong-hun, aliyeishi naye tangu wote wawili walipokuwa na nywele nyeusi. Mwalimu wa darasa, Profesa Seon, alikuwa amekwisha kuwaeleza wanafunzi kwamba wapo wanaume wanaoishi na wanaume, na wanawake wanaoishi na wanawake, na kwamba nao huumwa.

Ok aliikubali kazi hiyo kwa sababu moja. Moyo wake ulikuwa mbovu kweli, na upasuaji ulikuwa njiani. Siku hiyo ikifika, alitaka Pyo aruhusiwe kusimama kando ya kitanda chake.

Mwanafunzi Maeng Ju-ho, kijana mwenye adabu, alimpima presha, akauliza, "Baba, mama nyumbani anatia chumvi nyingi kwenye supu?"

Papo hapo mwanamke ambaye hakuwapo akatokea kwenye kiti cha Pyo, na Pyo akajikuta amesimama. Mwanamke huyo alikuwa wa makamo, nywele za mawimbi, mkoba mapajani. Alisema chumvi anatia kidogo tu. Maeng akaandika.

Profesa Seon alimsahihisha Maeng kwamba mwenzi wa mgonjwa ni Pyo, na Maeng akaomba radhi, lakini mwanamke hakuondoka. Darasa lilipokwisha iliwabidi waende naye.

"Sasa huyu atalala wapi, kaka?" Pyo aliuliza ndani ya basi.

"Kamuulize yule daktari aliyeniozesha."

Alilala sebuleni. Hakuwa mtu mbaya. Alikunja nguo vizuri, na alilalamika kwamba kimchi ya Pyo, ile kabichi ya kuchachua yenye pilipili, ni kali bila sababu. Majirani, ambao miaka yote hiyo walikuwa wakitikisa kichwa tu na kupita, walimletea mapeasi na kumwita shemeji.

Maeng alifaulu somo lile kuliko wenzake wote. Majira ya baridi, Ok alipoanguka jikoni, Maeng ndiye aliyekuwa zamu hospitalini kwa mafunzo ya vitendo. Alimtambua Pyo, akamwinamia, akamwita mwenzi wa mgonjwa, kama alivyofundishwa. Kisha akamwomba abaki nje, kwa kuwa sahihi ya upasuaji huwekwa na familia.

"Daktari, mimi ndiye ninayeishi naye."

"Najua, baba, na ninaheshimu sana," Maeng alisema. "Lakini mama yupo."

Ndani, mke aliulizwa ni dawa gani zinamdhuru mgonjwa. Hakujua. Alitoka, akamuuliza Pyo, akarudi na jibu. Akaulizwa maumivu yalianza lini, na kama usiku hulala amekaa. Kila mara alitoka na kurudi, viatu vikigonga sakafu, na Pyo alijibu yote.

"Mwambie nipo hapa mlangoni," Pyo alisema mwishoni.

"Hilo hawajaniuliza," mke alijibu bila ubaya, akarudi ndani kuweka sahihi.

Maeng alimshukuru mke. Alimwambia kwamba siku hizi ni wake wachache wanaowajua waume zao kiasi hicho.