Nafasi ya Kando ya Ukuta

Katika shule yetu ya msingi hapa Kasuku, mjini Kindu, anayechelewa mkutanoni ndiye anayebebeshwa kazi ya kufundisha michezo. Mwaka huu nilichelewa mimi. Direkta, mkuu wetu wa shule, akasema kwamba siku ya proklamasyo, wazazi watakapokuja kusikiliza matokeo ya mwaka, darasa langu la nne litaonyesha kitu cha kuwachangamsha. Wenzangu walipiga makofi kabla sijafungua mdomo, kwa raha ya watu walioponea chupuchupu. Nilinuna kidogo ili wasijue kwamba nimefurahi.

Kitu cha kuonyesha nilikuwa nacho tangu utotoni. Kinaitwa Mto Umelala. Watoto wanasimama safu mbili na kuyumba wakipiga kasia hewani, mwalimu anapiga bidoni tupu la mafuta. Bidoni likinyamaza ghafla, wote wanaanguka kifudifudi, shavu chini, mdomo wazi, viganja masikioni. Hapo mtoto mmoja anapita kwa kuinama, anamgusa kila mwenzake mgongoni, na anayeguswa anasema jina lake polepole. Mkono ukimfikia yule wa kando ya ukuta, jina halisemwi. Mkono unangoja, unangoja tena, halafu unaondoka. Bidoni linaanza upya, mto unaamka.

Direkta alitaka ngoma ya kweli. Nilimwambia bila bidoni hakuna mchezo, akaacha kwa sababu ananijua nikianza kubishana.

Mchezo huo nilifundishwa wakati wa vita, mwaka wa elfu mbili na mbili, mji ulipokuwa umezingirwa, treni haiji, mitumbwi imekatazwa kuvuka. Mimi na mama tulikuwa tumefika kwa miguu kutoka kijiji cha Tunda. Watoto wa Kindu walinicheka kwa namna nilivyosema na kwa gauni langu, ambalo kwa kweli lilikuwa pazia. Mwalimu wetu, Madame Mamy, hakunicheka. Siku yangu ya kwanza alinishika bega, akanilaza kando ya ukuta wa mbao, akaniambia: wewe hapa, na wewe ukiguswa usiseme kitu. Wote walisema majina yao, mimi peke yangu nikanyamaza, na darasa zima likanyamaza pamoja nami. Nilisikia pumzi zao. Tangu siku ile hakuna aliyenicheka. Nilijua kwamba Madame ameona ndani yangu kitu ambacho wengine hawana, na kwa ajili ya kitu hicho nikawa mwalimu. Mshahara wenyewe haungenivuta.

Kwa hiyo nafasi ya kando ya ukuta nilimpa Chérie, ambaye ndiye moto wa darasa langu. Anaimba, anaigiza sauti ya direkta, anajua kulia kwa jicho moja. Nilimpa kwa kumpenda. Akalia kwa macho yote mawili.

Kesho yake baba yake alikuja. Papa Nzanzu ana duka la vipuri vya pikipiki karibu na soko, mtu mpole, anavua kofia hata akiongea na watoto.

"Bonjour, Madame. Niko na swali moja tu. Batoto bote banasema majina yao. Wangu njo ananyamaza. Juu ya nini?"

"Ile njo nafasi mukubwa kupita zote, papa Chérie. Miye mwenyewe nilipewa nikiwa mutoto."

"Aksanti." Akaizungusha kofia mikononi. "Tuko hapa tangu yeye hajazaliwa. Lakini batu banatuita kila siku benye kutoka Butembo. Sasa ata ku mchezo mutoto wangu hana jina?"

Nilimjibu kwamba sanaa haina Butembo wala Kindu. Jibu zuri, nadhani. Alinishukuru na kuondoka na huzuni yake vilevile, nami nikabaki nimekasirika bila kujua nani amenikasirisha.

Mchana ule tulifanya mazoezi uwanjani. Nilinyamazisha bidoni, watoto wakaanguka, na kule mlangoni mlinzi wetu Godefroid, mtu mzima mwenye ndevu, akaanguka pia, ufagio chini ya kifua, viganja masikioni. Watoto walicheka mpaka wakasahau majina yao. Godefroid aliinuka akijipangusa magoti.

"Papa Godefroid, unatuchezea?"

"Hapana, Madame. Mwili njo umelala yenyewe." Alikuwa ameaibika. "Na sisi walitufundisha ile, kule ku shule ya Mikelenge, wakati wa vita. Walikuwa wanaiita Kuku Wamelala."

"Haiwezekani. Ile njo ya Madame Mamy. Ilikuwa ya darasa yetu."

"Sijue, Madame. Na sisi tulikuwa tunatajana majina. Juu ya nini walitufundisha, ningekuuliza wewe. Wewe njo mwalimu."

Nilichanganyikiwa, na nikichanganyikiwa huwa mkali. Niliwaruhusu watoto mapema, nikamkaripia Axel, yule anayepita akigusa migongo, kwa kosa ambalo hakulifanya. Wivu ulinishika, wivu wa kitoto. Kama kila mwalimu wa Kindu alikuwa na kuku wake waliolala, basi mto wangu ulikuwa nini? Na mimi pale ukutani nilikuwa nani? Nilitaka Madame Mamy aje siku ya proklamasyo, aone, aseme mbele ya watu kwamba hakukosea kunichagua. Hilo tu.

Jumamosi nilivuka mto kwenda Alunguli, anakoishi siku hizi kwa binti yake. Nilimkuta barazani, ungo mapajani, anachambua mchele. Amezeeka upande mmoja, mguu wa kushoto haumtii, lakini mikono ni ileile. Alinitambua kabla sijabisha hodi.

Nilimweleza yote: direkta, bidoni, Chérie anayelia, Godefroid na ufagio wake. Nilidhani atacheka. Vidole vilisimama juu ya mchele.

"Claire, mutoto wangu. Ile haikuwa dansi."

"Madame, tuliicheza kila siku."

"Njo kusema tulijifunza kila siku. Ukimwambia mutoto lala, risasi zinakuja, atakimbia. Ukimwambia ngoma imenyamaza, atalala. Walimu tuliongea kati yetu, kila moja akatafuta namna yake. Kuku, mto, sijui nini. Mikono masikioni juu ya mulio ya risasi. Mudomo wazi juu bomu isipasue masikio."

"Na majina?"

"Kujua nani iko muzima."

Aliyasema kwa upole, kama anayenionyesha lilipo jiwe kwenye mchele. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu. Miaka yote hii nilikuwa nawaambia watu kwamba nilijifunza dansi vitani. Niliwaambia hata kwenye usaili wa kazi.

"Na ule wa ukutani?" nikauliza. "Ule anayenyamaza?"

Aliuweka ungo chini.

"Ule njo Fabien. Wewe haukumujua, ulikuwa haujafika. Siku moja risasi zilikuja kweli. Nilinyamazisha bidoni, bote balilala. Fabien alilala muzuri kupita bote, pale kando ya ukuta. Ukuta ulikuwa wa mbao. Nilipita nikigusa, banasema, banasema. Nikafika kwake."

Mkono wake ulikuwa hewani, umekunjuka, unagusa mgongo usiokuwepo. Nikaujua mkono ule.

"Kesho yake batoto balirudi. Nilipita tena. Pale pake nikagusa udongo, hakuna aliyesema kitu. Ikawa vile, kila siku. Kisha wewe ukafika kutoka Tunda, na nafasi nyingine haikuwa. Ile moja tu."

"Lakini uliniambia nisiseme jina langu."

"Njo vile." Alinitazama. "Sikuweza kusikia jina ingine pale. Nilijua wewe ni mutoto, hauna kosa. Sikuweza tu. Kila siku nilisema kesho nitamuacha aseme. Kisha vita ikaisha na wewe ukapita darasa la tano."

Sikujua la kufanya na uso wangu. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kumgombeza, nilitaka mtu anirudishie lile gauni la pazia na fahari yangu. Kumbe hakuona kitu ndani yangu. Aliona pengo, akanilaza humo. Nilimwambia proklamasyo ni Jumanne, asubuhi, kama mguu utamruhusu. Akasema ataona. Kwenye mtumbwi wa kurudi nililia waziwazi, mpiga kasia akajifanya anatazama magugu.

Siku zilizobaki nilikuwa mwalimu mbaya. Chérie akisema jina, Fabien anafukiwa mara ya pili, na safari hii nafukia mimi. Chérie akinyamaza, binti aliye hai wa Papa Nzanzu analala mahali pa maiti bila yeye wala baba yake kujua, kama nilivyolazwa mimi. Niligeuza neno hili kila upande, halikuwa na upande mzuri. Jumatatu mchana nilimwita.

"Chérie, kesho utasema jina yako."

Aliniangalia kwa shaka. Nilikuwa nimeutetea ukimya ule wiki nzima.

"Na ile kimya, Madame? Itaenda wapi?"

"Sijui."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu mwanafunzi hivyo. Alitikisa kichwa, akaniacha pale nilipo.

Jumanne uwanja ulijaa. Maturubai, viti vya plastiki, akina mama wamevaa vitenge vipya. Madame Mamy alikuja. Alikuja na binti yake na fimbo, akakaa mbele, karibu na ukuta wa darasa langu, ambao siku hizi ni wa matofali. Nilipiga magoti na bidoni langu. Watoto waliyumba, wakapiga kasia, wazazi wakaanza kushangilia.

Nikanyamazisha bidoni.

Watoto walianguka. Na kule kwenye viti watu walishuka chini pamoja nao, si wote, wale wa umri wangu. Mama mmoja aliinamisha kichwa hadi magotini. Direkta, aliyetaka ngoma ya kweli, alikuwa amechuchumaa nyuma ya meza ya matokeo. Vijana walicheka, halafu wakaona kwamba wazazi wao hawacheki, wakaacha. Watu walitazamana bila kuelewa, kila mmoja akiona aibu yake.

Axel alipita. Onema. Annie. Rachida. Sauti ndogondogo kutoka ardhini. Akafika ukutani, akaweka mkono.

Chérie alingoja kwanza. Alingoja muda uleule niliomfundisha, mpaka nikadhani ameamua kuniasi kwa kutii fundisho langu la kwanza. Kisha akasema, "Chérie," kwa sauti ambayo nadhani ilifika sokoni. Papa Nzanzu alisimama akapiga makofi peke yake, kofia kwapani.

Nilimtazama Madame Mamy. Alikuwa amefumba macho. Kama ni maumivu au nafuu, sikujua, na mpaka leo sijui.

Axel alirudi kwenye nafasi yake, akalala. Sasa ilikuwa zamu yangu kupiga, ili wainuke. Mikono haikusogea. Nikasikia fimbo nyuma yangu, hatua nzito na hatua nyepesi, halafu mkono ukatua katikati ya mgongo wangu. Haukubonyeza. Uliwekwa pale, ukangoja.

Nilijua naulizwa nini, na kwa ujinga wangu wote nilikuwa nimesahau jibu linatokea wapi mwilini. Mkono uliendelea kungoja.

"Claire," nikasema.

Axel aliinua shavu lake lenye vumbi.

"Madame, hatukusikia."

Nikarudia, kwa nguvu, kisha nikapiga bidoni ili watoto wainuke.