Sasa Nitamwimbia Nani

Ukiongeza sauti hadi mwisho, utasikia shanga za Bibi zikigusana pale alipogeuza shingo kutazama mlango. Mashine yangu ya kurekodia ilinasa hata hilo. Nilijisifu sana kwa mashine ile. Nilimwambia kila mtu pale Karatu kwamba inasikia sisimizi akitembea, na sikuwa natania sana.

Rekodi yenyewe ni ya dakika moja na kidogo. Bibi Marsela, mama mzazi wa mama yangu, anasaga ulezi kwenye jiwe, anaimba ubeti mmoja kwa Kiiraqw, kisha ananyamaza. Kinachofuata ni shanga, halafu kimya safi kabisa. Albamu yangu yote ndiyo hiyo.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tatu, kijijini Endamarariek. Kesho yake Bibi alitakiwa hospitali. Uvimbe ulikuwa umeshika kisanduku cha sauti kooni, na daktari alishasema kitatolewa chote. Miaka minne nilikuwa nikiahidi kumrekodi. Miaka minne nilifunga spika kwenye hoteli za watalii nikingoja nipate vifaa vya maana, maana niliona aibu kumrekodi Bibi kwa simu. Vifaa nilivipata, nikabakiwa na siku moja.

Nyimbo za kusagia za nyumbani kwetu huimbwa na wawili. Mmoja yuko kwenye jiwe, mwingine anapepeta pembeni na kujibu. Aliyemjibu Bibi, tangu wote wawili wakiwa maharusi, ni jirani yake Bibi Laurencia. Lakini Bibi Laurencia ana pumu. Nilipovaa hedifoni nikasikia kifua chake kikipiga filimbi juu ya kila kitu, niliona kazi inaharibika.

"Bibi, naomba ukae nje kidogo," nilimwambia. "Wewe nitakurekodi baadaye peke yako. Nitawaunganisha kwenye kompyuta."

Bibi Laurencia alibeba ungo wake akatoka. Bibi akanitazama.

"Sasa nitamwimbia nani, baba?"

"Imba tu, Bibi. Mwachie nafasi yake."

Aliimba ubeti, akaacha nafasi, akageukia mlango. Mikono yake ikasimama juu ya jiwe.

"Endelea, Bibi."

"Niendelee na nini? Hajanipa neno."

Ndipo nilipoelewa, mimi niliyebembelezwa kwa nyimbo zile. Anayejibu hutaja chochote kinachomjia, mbuzi, jirani, sufuria iliyotoboka, na aliye kwenye jiwe sharti akiingize kwenye ubeti unaofuata. Kichwani mwa Bibi hapakuwa na wimbo uliokaa tayari ukingoja kutolewa. Nilikuwa nimeufukuza pamoja na ule ungo.

Nilikimbia kumwita Bibi Laurencia. Aliingia akijifuta matone usoni. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, na hatujakaa sawa mvua ikapiga mabati kama mtu anayemwaga mahindi. Taa za mashine zinazopima ukubwa wa sauti zikawa nyekundu, hazikurudi tena kijani.

"Haya, tuanze," Bibi alisema.

"Tusubiri ikatike. Itasikika mvua tupu."

"Mvua imekukosea nini, Fabian?"

Nilizima mashine kuokoa betri. Nikasimama mlangoni nikimwomba Mungu, huku nina hasira na mbingu, na mabati, na mimi mwenyewe. Nyuma yangu wale wazee wawili walichoka kungoja, wakaanza. Waliimba mpaka ulezi wote ukaisha. Bibi Laurencia alikohoa, akapiga filimbi zake, akatupa maneno, na Bibi akayadaka. Mara nikamsikia Bibi Laurencia akitupa "Fabian na nyaya zake," kisha ubeti, kisha wakacheka hadi Bibi akashika koo. Ubeti wenyewe ulinipita. Nilikuwa nimetega sikio kwenye bati, kusikia kama mvua inapungua.

Haikupungua. Mjomba Hilary alifika na gari la kumpeleka Bibi hospitali, akasema barabara ikizidi kulowa hatutoki. Nilimsihi. Niliomba dakika kumi, nikaomba tano. Nilishikilia mlango wa gari nikilia mbele ya watu, hadi Bibi mwenyewe akaubandua mkono wangu, kidole kimoja kimoja.

"Nimeshaimba, baba," alisema.

Sijaisikia tena sauti yake.

Alirudi mwezi wa tano, kitambaa shingoni. Juzi nilikwenda na mashine nikawawekea ile rekodi kwa simu, kwa sababu sikuweza tena kubaki nayo peke yangu. Bibi alikuwa kwenye jiwe, Bibi Laurencia anapepeta. Ubeti ukaisha. Zikaja shanga, kikaja kimya. Bibi Laurencia hakuinua hata kichwa.

"Fabian na nyaya zake," alijibu.

Bibi akafungua mdomo.

Safari hii nilikuwa nimeiacha mashine ikirekodi. Kuna pumzi mbili humo, moja ya pumu, nyingine ya Bibi inapita kwenye tundu alilowekewa shingoni hospitali, na jiwe linakwenda kwa mwendo wa ubeti, linapanda, linashuka, linasimama. Nilimwuliza Bibi Laurencia ubeti ule siku ya mvua ulisemaje. Alisema hayo hayakaririwi, huimbwa yakapita.

Nimesikiliza mara nyingi. Urefu wa ubeti wangu naujua. Maneno yake siyajui.